Injini Iliyolala Haiamshwi kwa Kusukumwa

Msafiri apitaye Ilula, katika barabara kuu ya kutoka Iringa kwenda Morogoro na Dar es Salaam, hupokewa na matenga ya nyanya na mafungu ya vitunguu yaliyopangwa kandokando ya njia. Akipata nafasi ya kuingia nyuma ya nyumba ataona kitu kingine, ambacho hakikupangwa ili kitazamwe: magari yaliyowekwa juu ya mawe. Mengine yalisimama katika miaka ya mwanzo ya 1980, wakati fedha za kigeni zilipokuwa haba nchini na kipuri kidogo kiliweza kusubiriwa kwa mwaka mzima. Mengine yalisimama kwa sababu mwenyewe alistaafu, au alifariki, na watoto wako mbali.

Gari moja la namna hiyo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Ni Volkswagen 1300 ya mwaka 1969, ile yenye umbo la kobe na injini yake nyuma, mali ya mwalimu mmoja aliyekwisha kufariki. Ilikuwa haijawaka tangu mwaka 1994. Mnunuzi wa chuma chakavu alikwisha kumjia mjane wa mwalimu huyo mara mbili, akiwa na mizani yake, na mara ya pili aliacha ahadi ya kurudi na gari la kubebea. Wajukuu walikuwa wamekubali. Mama mwenyewe alisema tu kwamba angependa kuisikia ikiunguruma mara moja kabla haijaondoka.

Ndugu msomaji, yafaa nikiri mapema kwamba mimi si mtu wa kuaminiwa moja kwa moja katika jambo hili, maana injini ya kwanza ya namna hii niliyoishika niliiua. Ilikuwa mwaka 1988. Tulikuwa vijana wanne, na gari lilikuwa la mjomba wangu, limelala miaka sita. Tulitia petroli, tukafunga betri ya kuazima, na betri iliposhindwa tukalisukuma hadi kwenye mteremko. Liliwaka! Tulishangilia, tukapanda, tukaenda kilomita tatu hivi. Kisha ikaja harufu ya manyoya yanayoungua, ukafuata mlio mkavu kama wa jiwe juu ya bati, halafu kimya. Mafundi husema injini "imenoki". Siku tulipofungua bati linalofunika feni tulikuta kiota cha panya kilichoshindiliwa barabara juu ya silinda mbili: matambara, manyasi, na magunzi ya mahindi. Tuliiwasha injini ambayo ilikuwa imevikwa blanketi.

Hebu tutazame kwa nini kiota cha panya kiweze kuua mashine ya chuma. Katika injini ya petroli ya aina ya zamani, takriban robo tu ya nishati iliyomo katika mafuta hugeuka kuwa kazi ya kusukuma gari. Sehemu kubwa iliyobaki ni joto. Nyingine hutoka na moshi, na nyingine hubaki katika chuma cha silinda na vichwa vyake. Joto hilo lisipoondolewa, chuma hutanuka, utando wa oili kati ya pistoni na silinda hupungua nguvu na kukatika, na chuma hukamata chuma. Magari mengi hupoza injini kwa maji yanayozunguka hadi kwenye rejeta. Wahandisi wa Volkswagen walichagua njia nyingine. Kila silinda walilizungushia mapezi membamba, ili eneo la chuma linaloguswa na hewa liwe kubwa mara nyingi kuliko eneo la silinda tupu, kisha wakaweka feni inayosukuma hewa kwa nguvu kupita katikati ya mapezi hayo. Feni hiyo imefungwa katika ekseli moja na dainamo, na vyote viwili huzungushwa na mkanda mmoja. Mkanda ukikatika, taa nyekundu ya dainamo huwaka, na dereva mwenye akili husimama papo hapo, kwa sababu taa hiyo ya umeme inamwambia pia kwamba feni imesimama.

Mwanafunzi asidhani kwamba elimu hii imepita na wakati wake. Atoke nje ya darasa aitazame pikipiki ya bodaboda iliyo karibu. Mapezi yaleyale yapo. Atembelee mashamba ya nyanya yanayomwagiliwa: pampu ndogo za petroli zinazovuta maji hupozwa kwa hewa vilevile, na huharibika kwa sababu zilezile, yaani matope yaliyokaukia juu ya mapezi, au majani yaliyoziba mlango wa feni. Tofauti ni kwamba pampu ya mkulima ikinoki katikati ya kiangazi, nyanya za msimu mzima huweza kukauka shambani.

Ubora wa njia hii ya kupoza ulionekana mapema katika nchi zetu. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalishindwa na Volkswagen mwaka 1954, tena mwaka 1957, tena mwaka 1962. Gari lisilo na rejeta halina rejeta ya kutobolewa na jiwe wala maji ya kuchemka. Ujerumani iliacha kuliunda mwaka 1978, na la mwisho kabisa lilitoka kiwandani Puebla, nchini Meksiko, tarehe 30 Julai 2003. Yalikwisha kuundwa zaidi ya milioni ishirini na moja.

Hata hivyo hewa si maji, na kwetu nyanda za juu haina uzito ule wa Dar es Salaam. Katika kimo cha mita 1,500 mgandamizo wa hewa ni kiasi cha asilimia 83 ya ule wa pwani. Jambo hili huwapotosha mafundi wengi. Kipimo cha mgandamizo wa silinda kikisoma chini ya kilivyosoma pwani kwa karibu moja ya sita, fundi husema ringi zimekwisha, kumbe silinda imevuta hewa nyepesi tangu mwanzo. Kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam hutoa huku petroli nyingi kupita kiasi cha hewa iliyopo, na plagi huwa nyeusi kama masizi ya chungu. Aidha feni, ikizunguka kwa mwendo uleule, husukuma uzito mdogo zaidi wa hewa. Ndiyo maana mlima Kitonga umezima magari mengi ya aina hii, na aghalabu kosa lilikuwa la dereva. Dereva aliyezoea kubana mafuta hupanda kwa gia kubwa, injini ikizunguka polepole na kuhemewa. Feni huzungushwa na injini, kwa hiyo nayo huenda polepole wakati uleule joto linapokuwa kubwa zaidi. Apande kwa gia ndogo, injini ipige kelele. Kelele hiyo ndiyo upepo wake.

Sasa nirudi kwa Volkswagen ya mwalimu. Mwaka 2022 niliomba ruhusa kwa mjane wake, na kwa mwalimu wa fizikia wa shule moja ya sekondari ya jirani, nifanye kazi hiyo pamoja na wanafunzi saba wa kidato cha tatu, siku za Jumamosi. Tulipofika, Mama alitupokea kwa "kamwene" na chai, kisha akakaa kwenye kigoda chake mlangoni, na sidhani kama aliondoka hapo tulipokuwa kazini.

Jumamosi ya kwanza hatukuwasha kitu chochote, na vijana walinung'unika. Tulitoa plagi zote nne tukatia ndani ya kila silinda vijiko vichache vya oili iliyochanganywa na dizeli, tukaacha. Tulifungua mabati yote ya feni. Kiota kilikuwapo, nilikuwa na hakika kitakuwapo. Tulikitoa kwa mkono, tukasugua mapezi kwa brashi. Tulimwaga oili ya zamani, nyeusi na nzito kama uji uliolala, tukatia mpya lita mbili na nusu. Paipu zote za mpira za petroli tulizitupa, ingawa moja ilionekana nzima kwa nje. Nasisitiza jambo hili: katika gari hili petroli hupita karibu sana na distribyuta, na kizimba cha injini kimeundwa kwa aloi ya magnesi, madini ambayo yakishika moto hayazimwi kwa maji. Ndoo za mchanga mkavu ziwepo karibu tangu siku ya kwanza, na betri ifungwe mwisho.

Jumamosi ya pili tulitia spana kwenye nati ya puli kubwa ya chini tukajaribu kuzungusha injini kwa mkono. Ilikataa. Kijana mmoja alitaka kuongeza bomba kwenye spana ili apate nguvu zaidi. Kwa kanuni ya wenzo alikuwa sahihi kabisa, na kwa injini angekuwa mwuaji. Tulisogeza mbele kidogo, nyuma kidogo, kama mtu anayetikisa mlango uliovimba kwa mvua. Baada ya nusu saa ikatoa sauti ndogo, ikazunguka. Ndipo tulipofunga betri, tukazungusha kwa stata bila plagi, hadi taa ya oili ilipozimika. Injini iliyolala miaka mingi imekauka katika beringi zake, na dakika ya kwanza ya kuwaka huweza kuila kuliko safari ndefu ya injini iliyotiwa oili ipasavyo. Anayesukuma gari mteremkoni huiamuru injini ikimbie kabla haijanywa.

Cheche haikuwapo. Vipande viwili vya chuma ndani ya distribyuta, ambavyo mafundi huviita pointi, vilikuwa vimepata kutu nyepesi. Pointi zinapoachana, mkondo wa umeme katika koili hukatika ghafla, uga wa sumaku huanguka, na volti 12 za betri huzaa maelfu ya volti katika waya wa pili. Wanafunzi wale walikuwa wameandika kanuni hiyo katika madaftari yao na kuikariri vema. Walipopiga msasa laini, wakapima nafasi ya milimita 0.4, na kuona cheche ya buluu ikiruka, msichana mmoja alisema kwa mshangao, "Kumbe ni hiki!" Mwalimu wake alinitazama, nami nikatazama chini.

Injini iliwaka saa nane mchana. Ilitoa moshi mzito wa buluu, ambao ulikuwa ni oili yetu wenyewe ikiungua, kisha ukapungua. Mama aliinuka mlangoni, akasikiliza, akaketi tena. Baada ya dakika kumi injini ikafifia, ikazima. Tulingoja kidogo, ikawaka, na baada ya dakika kumi nyingine ikazima tena.

Hapa ndipo penye somo ambalo ningependa liingie katika kila shule. Vijana watatu walisema ni koili, kwamba ikipata joto hushindwa. Hoja hiyo ilikuwa nzuri. Koili za zamani hufanya hivyo. Wengine walisema ni petroli. Wangeweza kubishana hadi jioni, au wangeweza kununua koili mpya, kama wafanyavyo wengi wetu, ambao hubadilisha kifaa hiki na hiki mpaka fedha ziishe. Niliwauliza tu: ni jambo gani litakuwa tofauti, kama ni koili, na kama ni petroli? Walitafakari. Kama ni koili, cheche itakosekana wakati injini inapozima. Kama ni petroli, cheche itakuwapo. Basi waliandaa plagi ya akiba, iliyogusishwa kwenye chuma mbali na petroli, wakaiwasha injini na kungoja. Ilipozima walihamisha waya wa koili, wakapiga stata: cheche ilikuwapo, yenye nguvu. Koili ikaachiliwa huru bila kugharimu senti. Yule msichana akaenda mbele ya gari, akafungua kifuniko cha tangi. Tulisikia hewa ikivutwa ndani kwa mluzi. Kijibomba cha kupumulia cha tangi kilikuwa kimezibwa na nyigu kwa udongo, kwa ustadi wa fundi mwashi. Petroli ilitoka, hewa haikuingia mahali pake, ombwe likaongezeka, hatimaye pampu ikashindwa kuvuta.

Najua wapo walimu watakaosema kwamba shule haina muda wa mambo haya. Mtihani wa taifa hauulizi kuhusu nyigu. Wapo pia watakaosema kwamba dunia imekwenda kwenye magari ya umeme na injini zinazoongozwa na kompyuta, nasi tunawarudisha vijana nyuma. Hoja ya kwanza ina uzito, na mwenye kuipuuza hajapata kufundisha darasa la wanafunzi themanini. Lakini hoja ya pili siikubali hata kidogo. Injini ya kompyuta humpa fundi namba ya hitilafu. Namba hiyo humwambia mahali pa kutazama, nayo huweza kumpotosha vilevile kama taa ya dainamo inavyompotosha asiyejua kazi yake. Kazi ya kufikiri haijaondolewa. Na kijana hujifunza kufikiri kwa urahisi zaidi katika mashine ambayo kila kitu kinaonekana kwa macho na kuguswa kwa mkono.

Mwaka 2024 mkondo wa elimu ya amali ulianza kutekelezwa katika baadhi ya shule zetu za sekondari. Shule zinahitaji vifaa, na vifaa vipya ni ghali. Wakati huohuo, vifaa visivyo ghali vinakatwa kwa tindo kandokando ya barabara na kuuzwa kwa kilo. Maoni yangu ni kwamba kila shule yenye mkondo huo, na hata isiyo nao, itafute injini moja iliyolala katika kijiji chake: pampu ya zamani, pikipiki, mashine ya kusaga, gari likipatikana. Isinunue; iombe. Watu wengi wangependa kuona kitu cha marehemu wao kikifundisha watoto kuliko kukiona juu ya mizani. Na bodi ya shule isiruhusu kuuza chuma chochote chenye silinda kabla mwalimu wa fizikia hajakitazama. Gharama yetu kwa Volkswagen ile ilikuwa oili, petroli, paipu, plagi nne na msasa, pamoja na betri ya kuazima. Usimamizi wa mtu mzima ni wa lazima, na kazi ifanyike mahali pa wazi, kwa maana moshi wa ekzosi una hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu, nayo huua katika banda lililofungwa.

Siwezi kudai kwamba gari lile lilipona. Jumamosi ya tatu tulipima nafasi za valvu, injini ikiwa baridi. Saba zilikuwa karibu na milimita 0.15, kama vitabu vya baadaye vinavyotaka. Ya nane, valvu ya kutolea moshi ya silinda ya tatu, haikuwa na nafasi kabisa. Hilo nalo lina sababu yake: katika injini za miaka hiyo kipoza oili kilisimama ndani ya njia ya upepo wa feni, na silinda ya tatu, iliyo nyuma yake, ilipata hewa pungufu na iliyokwisha kupata moto. Tuliirekebisha, tukaiwasha dakika ishirini, tukaiacha ipoe, tukapima upya. Nafasi ilikuwa imetoweka tena. Valvu inayofanya hivyo inarefuka, na siku moja kichwa chake hukatika na kuanguka juu ya pistoni.

Vijana walitaka kulipeleka hadi Iringa mjini na kurudi. Nilimweleza Mama mambo yalivyo, mbele yao, bila kuficha: gari lingeweza kufika, na lingeweza kufia njiani. Alifikiri kidogo. Kisha alisema kwamba mwalimu hakuwa mtu wa kubahatisha, akauliza kama watoto wangependa kuifungua hiyo silinda ya tatu ili waione valvu yenyewe. Mnunuzi wa chuma alipokuja mara ya tatu alikuta injini iko juu ya meza shuleni, na madaftari saba yamefunguliwa kando yake.